Barua pepe, meseji au WhatsApp: mteja wako ataitika wapi?

Tupo watatu, na tumebishana miaka. Mimi nina kiduka cha sabuni za mwani na viungo Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Rafiki yangu niliyesoma naye skuli anashona madera na magauni ya sikukuu Mwanakwerekwe. Shangazi yangu ana duka la kanga na vitambaa Chake Chake, Pemba. Ofa ikiwepo, mimi natuma barua pepe, rafiki yangu anarusha WhatsApp, shangazi anatuma meseji za kawaida kwa mkupuo. Kila mmoja ana ushahidi kwamba wateja wake wanaitika, na kila mmoja aliwahi kujaribu njia ya mwenzake ikamgomea.

Siku tulipoacha kubishana kwa maneno tukaanza kuoneshana simu, nani alijibu, alijibu lini, alisema nini, ndipo mambo yakaanza kufahamika. Ninayoyaandika hapa yametoka huko, pamoja na niliyojifunza kwa kutuma barua pepe za matangazo mwenyewe na kuona wateja wanavyozipokea. Kama umekwama baina ya njia hizi tatu na fedha yako ya kutangazia ni ndogo, nakuandikia wewe.

Kwanza, tutazame nini?

Wengi huanza na bei ya kutuma. Mimi naomba bei uiweke ya nne. La kwanza ni nani hasa yuko upande wa pili, na saa hii yuko wapi: yuko Michenzani, yuko Konde, au amesharudi kwao Bologna? La pili ni anachokifanya ujumbe unapomfika, na ujumbe huo unaishi muda gani mkononi mwake. La tatu ni kinachomuudhi. La nne ni gharama, ya fedha na ya muda wako. La tano ni utajuaje kama umefanya kazi. Njia zote tatu nitazipima kwa vitu hivyo hivyo.

Na tukubaliane juu ya neno kuitika. Kununua ni sehemu yake tu. Mteja anayesoma kichwa cha barua akaiacha bila kuifungua ameshakumbushwa jina lako. Anayemwonesha dada yake ameitika. Anayekuja dukani Jumamosi bila kubonyeza linki yoyote ameitika, ingawa kompyuta haitamhesabu. Anayejitoa kwenye orodha ameitika pia, na anayebonyeza kitufe cha kusema barua hii ni taka ndiye aliyekujibu kwa ukali zaidi.

Mambo haya ni ya zamani. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alituma tangazo moja kwa watu kama 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, akiwaalika waje kuona kompyuta mpya huko California. Malalamiko yalimfika upesi, na akakanywa asirudie. Miaka ya baadaye mwenyewe alisema tangazo lile liliuza kompyuta za mamilioni ya dola. Watu walewale 400, barua ileile moja, na ndani yake hasira na ununuzi pamoja. Hadi leo anayetuma barua pepe za ofa huvuna vyote viwili, na kazi yake yote ni kuzidisha kimoja na kupunguza cha pili.

Nani yuko upande wa pili

Barua pepe ina wateja wake Zanzibar, ila mara nyingi wateja hao wameshaondoka Zanzibar. Wanaoniandikia anwani kwenye daftari la kaunta ni Wataliano, Wajerumani, Waingereza, na Watanzania wa Dar es Salaam na Arusha wa kazi za ofisini. Kwao barua pepe ni kitu cha kila siku: tiketi ya ndege imepita huko, risiti ya hoteli imepita huko, kwa hiyo barua ya duka inakaa pamoja na wenzake. Mkaazi wa Unguja naye mara nyingi ana anwani, maana simu ya Android bila akaunti ya Google haitumiki vizuri. Lakini wengi walifunguliwa akaunti hiyo na kijana wa duka la simu siku waliyoinunua, na nenosiri hawalikumbuki. Anwani ipo, mtu hayupo. Wanaotoka kwenye hesabu hii ni wafanyakazi wa serikali na mashirika, watu wa mahoteli, na wanafunzi wa vyuo kama SUZA, chuo kikuu cha serikali cha Zanzibar. Ukiwa unauza vifaa vya ofisi au mafunzo, hao ni wako na barua pepe inawafika.

Meseji ya kawaida inamfika kila mwenye laini, awe na simu janja au kitochi, bando liwepo au limekwisha. Wateja wa shangazi wanatoka Kengeja, Ole, Konde, na wanakuja Chake wakiwa na safari nyingine. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri wanakuja na fedha. Wengi wao simu ni ya kupigia na kupokelea fedha, na meseji ndiyo maandishi pekee yanayowafika.

WhatsApp iko katikati. Iko mjini, kwa vijana na akina mama wenye simu janja, na, jambo ambalo wengi hulisahau, iko kwa ndugu zetu wa Maskati, Dubai na London. Rafiki yangu ana wateja Maskati ambao hawajakanyaga Mwanakwerekwe miaka mingi. Wanachagua dera kwa picha, dada mtu wa Kikwajuni analipa na kulichukua, na mzigo unaondoka na msafiri.

Ujumbe unapomfika

Hapa ndipo njia zinapoachana, na hapa nitakaa zaidi.

Barua pepe ina kizuizi cha kwanza kabla hata mteja hajaiona. Tangu mwaka 2013 Gmail inatenga barua za matangazo kwenye kikasha chake peke yake, na mtu anaweza kukaa wiki bila kukifungua. Akikifungua, anapitisha kidole haraka, na anasoma vitu viwili tu: jina la aliyetuma na kichwa cha barua. Nilipoanza, jina langu la kutumia lilikuwa neno la jumla lisilosema lolote, na kichwa kilikuwa OFA KUBWA kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Baadaye nikaweka jina langu halisi pamoja na la duka na Mkunazini, na kichwa, kwa Kiingereza maana wasomaji wangu ni wageni, kikasema tu kwamba mdalasini mpya umefika kutoka Kizimbani. Hakukuwa na punguzo lolote ndani yake. Siku ile ile mtu akaniuliza, ni magome au unga? Mwingine akauliza kama mdalasini ule ndio aliouonja kwenye chai siku aliyokuja dukani. Ndiyo, ndio huo. Aliikumbuka chai.

Nimejifunza hapo kwamba mteja wa barua pepe anaitikia kumbukumbu kabla ya bei. Akiona neno linalomrudisha mahali alipokuwa, anafungua. Akiona punguzo la asilimia bila mahali wala sura ya mtu, anafuta, kwa sababu maduka makubwa ya kwao yanamtumia punguzo kila siku na hilo lako ni dogo.

Jambo la pili ni muda. Mama mmoja wa Ujerumani alinunua sabuni kwangu mwezi wa Februari. Nilimwandikia Machi, kimya. Juni, kimya. Nilikuwa nimeshaazimia kumfuta kwenye orodha. Mwishoni mwa Novemba likaja jibu, na lilikuwa jibu la ile barua ya Machi, maneno yake yamekaa juu ya maneno yangu: je, sabuni za mwani zenye karafuu bado zipo, anataka kumi za kutoa zawadi ya Krismasi. Alikuwa ameandika neno Zanzibar kwenye sehemu ya kutafutia, barua yangu ikaja. Barua pepe hukaa. Mtu haitupi, anaizika chini ya nyingine, na siku ya haja anaifukua. Kwa hiyo kila barua ninayotuma sasa nahakikisha ina maneno ambayo mtu atayatafuta: Zanzibar, mwani, karafuu, Mkunazini, na namba ya simu chini.

Meseji haina habari ya kuzikwa wala kufukuliwa. Simu inalia, mtu anatazama, anasoma yote kwa sababu ni fupi, na kama ana haja anafanya jambo siku hiyo hiyo. Shangazi hutuma saa nne asubuhi, wakati mtu hajaamua bado kama leo atakwenda mjini. Kufika laasiri anajua kama meseji imefanya kazi, na ikifika Isha bila simu kupigwa, hiyo basi, imekufa. Kasi hii hakuna barua pepe inayoiweza.

Ila meseji nayo ina vizuizi viwili. Cha kwanza ni matapeli. Watanzania sote tumeshapokea ile meseji ya kutaka fedha itumwe kwenye namba nyingine, hadi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaweka namba 15040 ya kuwaripoti wanaozituma. Mtu akiona ofa nzuri mno kutoka namba asiyoijua, jambo la kwanza linalomjia ni utapeli. Cha pili ni kwamba ukituma kwa jina la duka badala ya namba, jina lenyewe lisizidi herufi 11, mteja hawezi kukujibu. Na mteja wetu anataka kuuliza. Shangazi huandika namba yake ndani ya meseji, na simu zinaanza: "Assalaam alaikum. Hizo kanga za kiasi gani? Zile za maua zimebaki?" Ununuzi wenyewe unaanzia kwenye simu ile.

WhatsApp ni mazungumzo tangu mwanzo. Picha inakwenda, na kabla hujaiweka simu chini mtu ameuliza bei, ameuliza rangi ya bahari, ametuma sauti ya nusu dakika akieleza harusi ya mwanawe, na ameomba apunguziwe. Kwa namna tunavyouziana sisi, hakuna njia inayokaribia duka zaidi ya hii. Lakini fahamu mipaka yake. Orodha ya matangazo katika programu ya kawaida inachukua watu 256, na inawafika wale tu waliosevu namba yako. Asiyekusevu hapati kitu na wewe huambiwi. Stetasi inapotea baada ya saa 24. Nako kuna watazamaji wa kimya: rafiki yangu anaona majina yao kila siku wakipitia madera, miezi inapita bila neno, halafu wiki moja kabla ya Sikukuu wanamiminika dukani na picha walizopiga kwenye vioo vya simu zao.

Kinachomuudhi

Wateja wa barua pepe huudhiwa na mambo matatu: kuandikiwa mara nyingi, kutokukumbuka walikupa anwani wapi, na kukosa njia ya kujitoa. Mimi niliongeza la nne. Mwaka wa kwanza niliweka anwani zote kwenye sehemu ya anayepelekewa, badala ya sehemu ya nakala fiche (Bcc), inayoficha anwani. Kila mteja akaona anwani za wenzake wote. Mmoja akawajibu wote kwa pamoja akisema hakuruhusu jambo hilo, wengine wakamjibu yeye, na kwa siku mbili watu wasiojuana waliandikiana kwa sababu yangu. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Baadhi hawakuniandikia tena, na nawaelewa. Walinipa anwani kwa imani wakiwa wamesimama mbele yangu, mkono umeshika kalamu yangu.

Kama wateja wako wako Ulaya, jua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweza kumhusu hata muuzaji wa nje anayewauzia watu walioko huko. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Msingi wa zote mbili unafanana na adabu ya kawaida: mwambie mtu unachukua taarifa yake kwa nini, na usiitumie kwa jingine. Na tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua nyingi, kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku, waweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Duka langu haliko hata karibu na 5,000, lakini kipimo hicho nimekichukua. Kinaonesha jinsi watu wachache walioudhika wanavyoweza kuzuia barua za wote.

Linki ya kujitoa iweke juu ionekane. Anayeitafuta asiione atabonyeza kitufe cha taka, na hicho kinakuumiza zaidi.

Upande wa meseji, kosa kubwa ni namba za kununua. Shangazi aliwahi kuuziwa orodha na mtu aliyemwahidi kwamba wote ni wa Pemba na wote wanapenda nguo. Alituma mara moja. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee wa makamo: "Mwanangu, namba yangu umeipata wapi?" Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi, na shangazi hakuwa na jibu la kweli la kumpa. Orodha ile aliifuta siku hiyo hiyo. Saa nazo ni muhimu. Meseji ya ofa baina ya laasiri na magharibi mwezi wa Ramadhani, mtu yuko jikoni na mikono ina nazi, inamfanya alichukie jina lako.

WhatsApp inaudhi kupitia magurupu. Ukimwingiza mtu kwenye gurupu bila kumuuliza, namba yake inaonekana na kila aliyemo. Kwa wanawake hili si dogo. Rafiki yangu alifungua gurupu la wateja, na baada ya siku chache mteja mmoja akaanza kupigiwa usiku na mwanamme asiyemjua aliyechukua namba humo. Gurupu lilifungwa. Sasa anatumia orodha ya matangazo, ambamo kila mtu anapokea peke yake, na stetasi.

Gharama

Barua pepe ni rahisi kwa fedha. Programu kama Mailchimp zina kiwango cha bure kwa orodha ndogo. Gharama iko kwenye kazi: kuandika, kupiga picha safi, na kusoma mwandiko wa wageni. Herufi moja ukikosea, barua inarudi.

Meseji inalipiwa kila moja, na hapa kuna siri ndogo ya kukuokolea fedha. Meseji moja ni herufi 160. Lakini ukitia kitu kisichokuwa katika herufi za kawaida, kama kikaragosi cha mwezi na nyota, au maandishi ya Kiarabu ya salamu za Sikukuu, nafasi inashuka hadi 70. Meseji uliyodhani ni moja inakuwa mbili au tatu, na unalipia zote. Shangazi aliona salio linayeyuka mara mbili ya kawaida wiki ya Idi, kumbe ni salamu nzuri ya Kiarabu aliyoitanguliza. Sasa anaiandika kwa herufi za Kiswahili na inaeleweka vilevile.

WhatsApp inakula bando na usingizi. Watu arobaini wanauliza bei ile ile, na kila mmoja anataka ajibiwe kama yuko peke yake. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakupa katalogi na majibu ya tayari, na inapunguza mzigo. Lakini anayetaka kupunguziwa bei hataki jibu la tayari.

Utajuaje kama imefanya kazi

Wanaotuma barua pepe hupenda kuhesabu zilizofunguliwa. Hesabu hiyo usiiamini sana. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaigusa, na barua inahesabiwa imefunguliwa wakati mtu amelala. Mimi nahesabu waliojibu, walioagiza na waliojitoa, na nasubiri miezi, si siku. Kama ningeipima ile barua ya Machi mwezi wa Aprili, ningesema imeshindwa.

Meseji inakupa taarifa ya kufika tu, haikwambii kama imesomwa. Dawa yake ni neno la kusema dukani. Shangazi aliandika: ukifika sema Mfungo Mosi upunguziwe. Kila aliyesema Mfungo Mosi alitiwa kijiti kwenye daftari. Njia hii ni bora kuliko kompyuta yoyote, na inafaa kwa barua pepe na WhatsApp pia.

Kwa WhatsApp, vitiki vya buluu vinasaidia, ingawa baadhi ya watu wanavizima. Hesabu walioulizia, kisha hesabu waliolipa. Tofauti baina ya hizo mbili ikiwa kubwa, tatizo liko kwenye bei au majibu yako, maana tangazo limeshafanya kazi yake.

Ipi inamfaa nani

Barua pepe inamfaa mwenye wateja wanaoondoka kisiwani: viungo, sabuni, kazi za mikono, nyumba za wageni, safari za baharini, na anayewauzia maofisi. Inamtaka mtu mwenye subira, anayependa kuandika, na asiyehitaji fedha ya wiki hii kutokana na barua ya wiki hii.

Meseji inamfaa mwenye bidhaa inayojulikana na bei inayosemeka kwa sentensi moja, na wateja walioenea mashamba na Pemba ambao huwezi kujua kama wana bando. Kitu cha kutazamwa, kama mshono mpya, meseji inakipunja.

WhatsApp inamfaa anayeuza kwa macho na kwa mazungumzo: nguo, keki, mapambo ya harusi, udi. Awe na mtu wa kukaa na simu, na awe na wateja wanaomjua kiasi cha kusevu namba yake.

Ukiwa katika hali hii

Una nyumba ya wageni na masika yanakuja, vyumba vitakuwa vitupu Aprili na Mei. Waandikie barua pepe waliowahi kulala kwako, mapema, Januari au Februari, kwa sababu anayepanga safari ya ndege anahitaji wiki nyingi. Mtaje chumba alicholala kama umekiandika. Kumbuka saa: ukituma saa mbili asubuhi yetu wakati wa baridi ya Ulaya, Italia na Ujerumani ni saa kumi na mbili, bado wamelala. Atakayejibu, mhamishie WhatsApp kupanga mambo ya kupokelewa uwanja wa ndege, maana huko hataki kusubiri.

Unauza nguo Unguja na kumi la mwisho la Ramadhani linakaribia, Darajani na Mchangani hapapitiki usiku. Stetasi kila siku baada ya tarawehe, na orodha ya matangazo mara moja kwa wiki. Barua pepe wiki hiyo iache.

Una duka Wete au Chake na mzigo umefika kwa meli. Meseji moja, herufi zisizozidi 160, jina la bidhaa, bei, namba ya kupigia. Usitume tena hadi mzigo mwingine ufike.

Una wateja wa aina mbili, wageni na wenyeji, kama mimi. Usiwaunganishe. Nilijaribu kuwaandikia wenyeji wa Mkunazini barua pepe za Kiingereza zenye picha za bahari. Hawakuwa na haja ya kuoneshwa bahari. Sasa wenyeji wanapata meseji sabuni za kufulia zikishuka bei, na wageni wanapata barua nne kwa mwaka.

Ulituma ukapata kimya. Kabla hujaongeza punguzo, angalia ulipoandikia. Kimya cha siku tatu kwenye barua pepe hakisemi kitu, kimya cha siku moja kwenye meseji kinasema mengi, na kimya kwenye orodha ya WhatsApp huenda ni kwamba hawajakusevu. Mpigie mmoja unayemjua umuulize kama imemfika.

Na kama leo huna orodha yoyote, nunua daftari. Chora safu nne: jina, namba ya simu, barua pepe, na ya nne mwachie mteja mwenyewe aandike anataka umfikie kwa njia gani. Daftari langu la sasa liko hivyo. Liko juu ya kaunta, upande wa sabuni, na kalamu nimeifunga kwa uzi wa katani.